Alama ya IE kwenye kibati cha mota: tuisome na kuipigia hesabu kabla ya kulipa dukani

Fundi wa Gungu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu. Kazi yangu ni umeme wa viwandani hapa Kigoma Ujiji, na wateja wangu wengi ni wenye vinu vya mawese, mashine za kusaga na kukoboa, karakana za mbao, pamoja na wazalishaji wa barafu wanaowahudumia wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Mkoa wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na tangu gridi ya taifa ilipotufikia watu wengi wameziacha injini zao na kununua mota. Kinachonisumbua ni kwamba mota hizo zinanunuliwa kwa kuuliza mambo mawili tu, hosipawa ngapi na bei gani, ilhali jambo litakaloamua gharama ya mota hiyo kwa miaka kumi na zaidi limeandikwa kwenye kibati chake kwa herufi mbili na tarakimu moja.

Herufi hizo ni IE, na zinatokana na kiwango cha IEC 60034-30-1 cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, yenye makao yake Geneva. Kiwango hicho kilitolewa mwaka 2014 kikachukua nafasi ya kile cha mwaka 2008, na kinahusu mota za mwendo mmoja zinazoweza kuunganishwa moja kwa moja kwenye umeme wa gridi, kuanzia kilowati 0.12 hadi kilowati 1,000, zenye poli (ncha za sumaku zinazoamua mwendo wa mota) 2, 4, 6 au 8. IE1 ndilo daraja la chini, zikifuata IE2, IE3 na IE4, na kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo umeme unaopotea ndani ya mota unavyopungua. Mota za mwendo unaobadilishwa kwa kidhibiti mwendo (kifaa kinachobadilisha hezi za umeme unaoingia kwenye mota) zina kiwango chao cha mwaka 2016, na humo ndimo IE5 ilimopewa nafasi yake.

Kabla ya kwenda kwenye takwimu, tuelewane juu ya jambo moja ambalo huwachanganya hata mafundi wenzangu. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibati ni nguvu inayotoka kwenye shafti kwenda kwenye mashine yako. Umeme unaoingia kutoka kwenye mita ni mkubwa zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu yake inageuka joto katika nyaya za shaba za stata (sehemu isiyozunguka), katika fito za rota (sehemu inayozunguka), katika mabati ya kiini, katika msuguano wa beringi na feni, na katika upotevu mdogo mdogo unaotokea mzigo unapokuwa umekaza. Ufanisi ni nguvu inayotoka ikigawanywa kwa nguvu inayoingia. Kwa hiyo mota mbili za kilowati 15 zitasaga mahindi yale yale kwa kasi inayokaribiana sana, na mwenye mashine hataona tofauti yoyote kwa macho, lakini mita itaiona kila saa.

Sasa takwimu zenyewe. Mota ya kilowati 15, yaani hosipawa 20, yenye poli 4 na inayotumia hezi 50 kama umeme wetu, inatakiwa iwe na ufanisi wa angalau asilimia 88.7 ikiwa ni IE1, asilimia 90.6 ikiwa ni IE2, asilimia 92.1 ikiwa ni IE3, na asilimia 93.9 ikiwa ni IE4. Mtu akisikia hivyo husema, asilimia tatu na ushee ni kitu gani? Naomba aitazame hesabu kwa upande wa kinachopotea. Mota ya IE1 ikiwa na mzigo kamili inavuta kilowati 16.91, hivyo kilowati 1.91 zinapotea kama joto, wakati ile ya IE3 inavuta kilowati 16.29 na kupoteza 1.29. Upotevu umepungua kwa theluthi moja. Joto hilo lililopungua lilikuwa linaichosha insulesheni ya nyaya, na mafundi tunafahamu kanuni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi hupunguza umri wa insulesheni kwa takriban nusu.

Tuifanye iwe shilingi. Chukua mashine inayofanya kazi saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani saa 3,000, na tuweke shilingi 300 kwa uniti kwa urahisi wa hesabu. Kila mmoja ataweka bei anayolipa mwenyewe. Mota ya IE1 itakula uniti 50,733 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 15. Ile ya IE3 itakula uniti 1,873 pungufu, karibu shilingi 562,000 kila mwaka. Ikiwa muuzaji amekuongezea shilingi laki sita kwa sababu ya daraja hilo, fedha hiyo inarudi kwa miezi kumi na mitatu hivi, na baada ya hapo ni faida kwa miaka yote ambayo mota itaishi. Kilichonifanya niandike uzi huu ni hiyo milioni 15. Umeme wa mwaka mmoja unaizidi mbali bei ya mota yenyewe, nasi tunabishana dukani kwa saa nzima juu ya bei ya mota na hatusemi neno lolote juu ya umeme.

Kuna mtego wa namba ambao ni lazima niutaje, maana sehemu kubwa ya mota tunazouziwa hapa zinatoka China. Kiwango cha China cha GB 18613 kilichotolewa mwaka 2020 kinapanga madaraja kwa kugeuza: daraja la 1 ndilo bora na linalingana na IE5, la 2 linalingana na IE4, na la 3 ndilo la chini kabisa linaloruhusiwa kwao, nalo linalingana na IE3. Mtu akiona lebo ya Kichina yenye namba 3 asiidharau, na akiona namba 1 asidhani ni IE1. Pia jina la aina ya mota husaidia: YE2 huwa ni IE2, YE3 ni IE3 na YE4 ni IE4, wakati zile za zamani zilizoandikwa Y au Y2 peke yake hazifiki huko. Mota za mitumba kutoka Ulaya nazo zinaweza kuwa na alama ya EFF, ambayo ilianza kutumika mwaka 1998 na ambayo nayo imegeuzwa: EFF1 ndiyo iliyokuwa bora na inakaribiana na IE2 ya leo, EFF2 inakaribiana na IE1, na EFF3 iko chini ya hapo.

Mwisho wa maelezo haya ya kwanza, msiamini alama bila kuijaribu kwa kikokotoo. Zidisha 1.732 kwa volti, kwa ampia na kwa pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi kweli) ya kwenye kibati. Utapata wati zinazoingia. Kisha gawanya wati za kibati kwa jibu hilo. Mota ya kilowati 15 iliyoandikwa IE3, volti 400, ampia 27.7 na pawa fakta 0.85 inatoa asilimia 92, na hapo kibati kinasema ukweli. Nyingine niliyoletewa kuifunga ilikuwa na alama hiyo hiyo ya IE3, lakini kibati chake kilionyesha ampia 29.5 na pawa fakta 0.84. Piga hesabu utaona asilimia 87.4, ambayo haifikii hata IE1. Kiwango cha kimataifa kinavumilia tofauti kidogo, kwa mota ya ukubwa huu ni asilimia 15 ya upotevu, yaani IE3 ya asilimia 92.1 inaweza kupimwa ikawa 90.9 bila kuvunja ahadi. Lakini 87 haivumiliki. Kibati kinachojipinga chenyewe kinatosha kuwa sababu ya kuirudisha mota dukani.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mkoboaji wa Nzega

Mhandisi, shukrani kwa somo. Mimi niko mkoa jirani wa Tabora, wilaya ya Nzega, na nina mashine ya kukoboa mpunga yenye mota ya hosipawa 30. Ninataka kuuliza mambo mawili. La kwanza, kazi yangu ni ya msimu, baada ya mavuno ninafanya kazi usiku na mchana, kisha miezi mingi mashine inalala. Je, na mimi nitafute IE3? La pili, fundi aliyenifungia alisema mota kubwa haichoki, ndiyo maana akaniwekea 30 ingawa mtengenezaji wa mashine aliandika 20. Naona umeme unakwenda sana.

Fundi wa Gungu

Ndugu wa Nzega, swali lako la kwanza lina jibu la hesabu na wala halihitaji mapenzi ya teknolojia. Faida ya daraja la juu inatokana na saa na mzigo. Ile mota ya mfano wangu ikifanya kazi saa 500 tu kwa mwaka, akiba inakuwa uniti 312, kama shilingi 93,600, na shilingi laki sita za nyongeza zitarudi baada ya miaka zaidi ya sita. Kwa mtu wa msimu mfupi, IE2 iliyo nzima na iliyofungwa vizuri inaweza kuwa uamuzi wa busara. Hesabu saa zako kwa uaminifu kutoka kwenye daftari la kazi, maana kila mtu hudhani anafanya kazi saa nyingi kuliko anazofanya.

Swali la pili ndilo lililobeba fedha yako. Mota nyingi hushika ufanisi wake vizuri kati ya nusu ya mzigo na mzigo kamili, na mara nyingi kilele chake kiko karibu na robo tatu. Ikishuka chini ya nusu, na hasa chini ya theluthi, ufanisi unaanguka, kwa sababu upotevu wa mabati ya kiini, feni na beringi haupungui hata mashine ikiwa inakoboa kidogo. Daraja la IE limepimwa kwa mzigo kamili. Halikulindi ukiwa umeinunua mota kubwa kuliko kazi. Pawa fakta nayo inaanguka vibaya zaidi, huweza kufika karibu na 0.5 kwenye robo ya mzigo, na wateja wakubwa wanaolipia mahitaji ya juu kwa kVA (kipimo cha umeme wote unaovutwa, hata usiofanya kazi) wanaiona adhabu hiyo kwenye ankara yao.

Usipime mzigo kwa ampia peke yake, kwa kuwa mota isiyo na mzigo kabisa bado inavuta ampia nyingi za kujenga sumaku. Azima kipima mizunguko. Mota ya poli 4 kwenye hezi 50 ina mwendo wa sumaku wa mizunguko 1,500 kwa dakika. Ikiwa kibati kinasema 1,460, basi kwa mzigo kamili inabaki nyuma kwa mizunguko 40. Ukipima wakati mashine imejaa mpunga na kukuta 1,480, imebaki nyuma kwa 20, hivyo inabeba kama nusu ya nguvu yake. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinatosha kukuambia kama hosipawa 20 zingekutosha. Ukikuta iko kwenye nusu au juu yake, usiibadilishe sasa; subiri siku itakapohitaji matengenezo makubwa.

Msuka Mota, Mwanga

Ninaheshimu sana alichokiandika mwenzangu wa Gungu, ila kuna jambo linalosemwa kila mahali na linatuumiza sisi tunaosuka mota, kwamba mota ikishaungua na kusukwa (yaani kuwekewa nyaya mpya) imeharibika ufanisi daima. Hilo si kweli kwa namna linavyosemwa. Vyama vya mafundi wanaokarabati mota vya Marekani na Uingereza vilifanya utafiti wa pamoja uliotolewa mwaka 2003, wakapima mota kabla na baada ya kusukwa, na ikaonekana kwamba zilizosukwa kwa kufuata utaratibu zilibaki na ufanisi wake.

Kinachoharibu ni mkato. Mtu anaweka stata kwenye moto wa mkaa au anaimwagia dizeli na kuiwasha ili nyaya zilainike haraka, na moto ule unaunguza vanishi nyembamba iliyopo kati ya bati na bati la kiini. Mabati yakishagusana, mikondo inazunguka ndani yake na kiini kinapata joto hata mota ikiwa haina mzigo. Hata ukaisuka kwa shaba safi namna gani, upotevu huo umekwisha ingia na hautoki. Wenye tanuri la kudhibiti joto huzuia kiini kisipite takriban nyuzi 370. Sisi tusio na tanuri tukate vichwa vya koili upande mmoja, tupashe kwa kiasi, kisha tuvute polepole. Inachukua muda mrefu na inachosha mikono, lakini kiini kinabaki salama.

Mkato wa pili ni gredi ya waya. Fundi akikosa waya wa unene ule ule anaweka mwembamba kwa sababu unaingia kirahisi kwenye mifereji, ukinzani unaongezeka, na mota inatoka karakana ikizunguka vizuri huku imeanza kula umeme zaidi. Ninawaomba wenye mashine wamuulize fundi aandike kwenye karatasi idadi ya mizunguko ya koili, unene wa waya aliouondoa na aliouweka, ukinzani wa kila fezi, na ampia za bila mzigo kabla ya kuikabidhi. Fundi mwaminifu hataona tabu.

Fundi wa Gungu

Umesema vyema, mkuu, na nakubaliana nawe kikamilifu. Ningeongeza kwamba uamuzi wa kusuka au kununua nao uende kwa saa. Mota ya IE1 ya miaka mingi inayofanya kazi usiku na mchana ikiungua, hiyo ndiyo nafasi ya kuhamia IE3, kwa kuwa gharama ya kusuka inatoka kwenye bei ya mpya na kinachobaki kinalipwa na umeme. Mota ya saa chache, au kubwa iliyo bora tangu kiwandani, apewe fundi kama wewe.

Mama Barafu

Habari zenu. Ninasimamia uzalishaji wa barafu, na kompresa zetu hazizimwi isipokuwa kwa matengenezo, hivyo hesabu ya saa inatuhusu kuliko wengi humu. Tulibadilisha mota ya feni ya mnara wa kupozea na mota ya pampu ya maji, zote zikawa IE3 za ukubwa ule ule wa awali. Yametokea mawili. Breka inaanguka wakati wa kuwasha, jambo ambalo halikuwepo. Na tukipima, feni inavuta umeme sawa na zamani au hata zaidi kidogo. Muuzaji anasema mota ni halisi, na nimepiga ile hesabu ya kibati ikakubali. Sasa akiba iko wapi?

Fundi wa Gungu

Mama, nakushukuru kwa kuleta swali hili, maana ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi na ambalo limewakatisha tamaa watu wengi wakadhani alama za IE ni maneno matupu.

Nianze na breka. Mota yenye ufanisi wa juu ina ukinzani mdogo katika nyaya zake, na mara nyingi mkondo wake wa kuwasha ni mkubwa kuliko wa mota ya zamani. Mota za IE3 na IE4 zinaweza kuvuta mara saba au nane ya ampia za kibati kwa muda mfupi, na kile kishindo cha kwanza kabisa kikapita hapo. Breka yako ilichaguliwa kwa mota ya zamani. Usiizidishe ukubwa ovyo. Tazama kwanza aina ya breka, weka iliyotengenezwa kwa ajili ya mota, ovalodi (kinga ya mota kuzidiwa mzigo) ibaki kwenye ampia za kibati kipya, na kama mota ni kubwa tumia sta-delta au kiwashio laini, vifaa vinavyopunguza mkondo wa kuwasha. Wenye jenereta ya akiba waliangalie hili mapema, kwa sababu jenereta iliyokuwa ikiiwasha mota ya zamani kwa shida inaweza kushindwa kuiwasha mpya.

Kuhusu feni, sababu ni mwendo. Mota ya zamani ilibaki nyuma zaidi, tuseme ilizunguka mara 1,440 kwa dakika. Mpya inazunguka mara 1,465. Tofauti ni chini ya asilimia 2, lakini feni na pampu zinazozungusha maji zinadai nguvu kwa mchemraba wa mwendo, na ukigawanya 1,465 kwa 1,440, kisha ukazidisha jibu hilo lenyewe kwa lenyewe mara tatu, utapata ongezeko la asilimia 5.3. Mota imeokoa asilimia tatu au nne, na feni imedai tano. Hewa nayo imeongezeka, bila shaka, lakini kama hukuihitaji umeilipia bure. Kwa feni inayoendeshwa kwa mkanda, dawa ni puli: punguza kidogo kipenyo cha puli ya mota ili feni irudi kwenye mwendo wake wa awali, na akiba utaiona siku hiyo hiyo. Kwa pampu iliyounganishwa moja kwa moja na shafti, mkereza vyuma anaweza kupunguza kipenyo cha impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji), baada ya kuangalia kwamba maji mnayopata yanazidi mahitaji. Kompresa ni habari nyingine. Mwendo ukiongezeka na barafu inaongezeka karibu kwa kiwango kile kile, hivyo huko hakuna kinachopotea.

Mpasua Mbao, Buhigwe

Wakuu, huku kwetu milimani umeme ukifika jioni unakuwa hafifu, na mota yangu ya msumeno inapata joto hata nisipopasua gogo kubwa. Nimeambiwa ninunue IE4 ndipo itavumilia. Nifanyeje?

Fundi wa Gungu

Mzee wangu, usinunue chochote kabla ya kupima volti za fezi zote tatu kwenye terminali za mota (pale nyaya zinapofungwa), msumeno ukiwa kazini. Daraja la ufanisi limepimwa maabara kwa umeme ulio sawa katika fezi zote, na umeme usio sawa unaliangusha daraja lolote. Chukua mfano wa volti 400, 388 na 412. Wastani ni 400, tofauti kubwa ni 12, hivyo kutolingana ni asilimia 3. Kwenye ampia, tofauti hiyo inaweza kukua mara sita hadi kumi, na mota ya namna hiyo inapaswa kubebeshwa karibu asilimia 90 tu ya nguvu yake. Ikifika asilimia 5 haifai kuiwasha kabisa. Mara nyingi chanzo ni nati iliyolegea, kontakta iliyoungua mdomo mmoja, au mashine zote za fezi moja za karakana kuning'inizwa kwenye fezi hiyo hiyo. Hayo yanarekebishika kwa gharama ndogo. Ikiwa tofauti inatoka kwenye laini ya nje, andika vipimo vyako na saa ulizopima, kisha upeleke taarifa kwa watu wa umeme.

Jingine linalohusu milima ni mwinuko. Mota za kawaida zimekadiriwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sisi hapa kando ya Ziwa Tanganyika tuko kwenye mita 770 na kitu, lakini nyanda za juu za Kasulu na Buhigwe zinapita mita 1,000, ambako hewa ni nyepesi na inapoza pungufu ya inavyotakiwa. Ubaridi wa kwenu unafidia sehemu kubwa ya hilo, ila vumbi la mbao likiziba mapezi ya mota na kifuniko cha feni, fidia hiyo inaisha. Safisha kwanza, pima, sawazisha fezi. Mota yako huenda ni nzima.

Katibu wa Kamati ya Maji

Nami nina la kwetu. Kijiji chetu kina pampu ya kilowati 11 inayosukuma maji kutoka ziwani hadi tangi lililo mlimani. Maji yalikuwa mengi kuliko bomba linavyohimili, kwa hiyo vali imefungwa nusu tangu siku ya kwanza. Tumepata ofa mbili: mota ya IE4, au kidhibiti mwendo kwa mota tuliyo nayo ambayo ni IE3. Muuzaji wa kidhibiti anasema tukishusha mwendo hadi asilimia 80, umeme utashuka hadi nusu. Kamati inakutana wiki ijayo.

Fundi wa Gungu

Ndugu Katibu, ofa ya kwanza ina akiba ndogo. Kilowati 11 za poli 4 kwa IE3 ni asilimia 91.4 na kwa IE4 ni asilimia 93.3, kwa mzigo kamili unaokoa robo tu ya kilowati, wakati vali iliyofungwa nusu inaendelea kuteketeza nguvu kubwa zaidi ya hiyo kila saa. Ugonjwa wenu uko kwenye vali.

Ofa ya pili inagusa ugonjwa wenyewe, lakini maneno ya muuzaji yana kasoro. Ni kweli kwamba 0.8 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu inatoa 0.51, na kwa pampu inayozungusha maji katika mabomba ya mahali tambarare nguvu hushuka hivyo. Ninyi mnapandisha mlima. Sehemu kubwa ya kazi ya pampu yenu ni kuinua maji hadi kimo cha tangi, na kimo hicho hakipungui mkipunguza mwendo. Mkishusha kupita kiasi, pampu itazunguka, mita itahesabu, na maji hayatafika kwenye tangi hata tone. Akiba ipo, ila itakuwa chini ya nusu aliyoitaja, na ukubwa wake unategemea kimo. Huenda kupunguza kipenyo cha impela kukawapa sehemu kubwa ya akiba hiyo kwa gharama ndogo sana, kwa kuwa ninyi hamhitaji kubadilisha mwendo kila saa. Mnahitaji pampu iliyo ndogo kidogo, basi.

Yeyote atakayewauzia chochote, aandike kwenye nukuu ya bei kilowati, poli, volti, daraja la IE kwa hezi 50, na ufanisi kwa mzigo kamili, robo tatu na nusu. Hilo la hezi 50 ni muhimu, kwa kuwa baadhi ya vibati vina safu mbili, na mota inaweza kuwa IE3 kwa hezi 60 huku kwa hezi 50 ikawa IE2. Kabla ya kikao, naomba utuletee hapa kimo cha tangi kutoka usawa wa maji ya ziwa, urefu na kipenyo cha bomba, lita mnazopata kwa saa vali ikiwa ilipo sasa, na usomaji wa geji ya presha kabla na baada ya vali. Kwa namba hizo tutapiga hesabu ya impela na ya kidhibiti mwendo, kila moja kwa shilingi zake, kamati ichague ikiwa inaona.